Dola ya Morgan au senti ya Lincoln: ipi hasa ndo kipenzi cha wakusanyaji sarafu wa Marekani?

Chenji_ya_Jana:

Wakuu habari za muda huu. Naomba mnisaidie kumaliza ubishi maana umeshanilia lanchi zangu zote wiki ya pili sasa.

Mimi nipo Columbus, Ohio, napiga kazi ghala moja huku, na zamu yangu kuna mzee wa Kimarekani tunapanga nae mizigo, umri wa kustaafu kashaupita ila hataki kukaa nyumbani. Huyu mzee ana ugonjwa wa sarafu. Siku moja tumesimama kituo cha mafuta nimenunua maji nikarudishiwa chenji, mzee kanishika mkono kabla sijaitia mfukoni, kachambua kachambua katoa senti moja nyeusi imechakaa, akaniambia hii usiitumie. Kuangalia ni ya 1944, nyuma ina masuke mawili ya ngano. Basi hapo ndo niliambukizwa, na mke wangu hadi leo anamlaumu yule mzee.

Sasa ubishi wenyewe. Nimekesha YouTube siku kadhaa nikaja na msimamo kwamba sarafu ya kizamani inayopendwa kuliko zote na wakusanyaji wa hii nchi ni dola ya Morgan, ile kubwa ya silva. Mzee anasema hapana, ni senti ya Lincoln, na anaongea kama mtu anayekwambia jua linatoka mashariki, wala habishani anaendelea kula sandwichi yake. Hiyo ndo inaniuma zaidi.

Nikasema ngoja nimnyamazishe kwa ushahidi. Jumapili nilienda gulio moja la vitu vya mitumba nikapata Morgan ya mwaka 1893, nyuma chini ya shada ina herufi S ndogo, jamaa alitaka 85 nikamshusha mpaka dola 60. Bado sijampelekea mzee, nasubiria majibu yenu kwanza niende na hoja kamili.

Mliokaa huku muda mrefu, ipi inaongoza? Na kama kuna nyingine nimeisahau semeni tu.

Dereva_wa_Nevada:

Karibu kwenye ugonjwa mkuu, huu hauna dawa. Jibu ni Morgan, na nakwambia sababu.

Ile sarafu ilizaliwa 1878 kwa sababu za kisiasa. Wenye machimbo ya silva huku Nevada walikuwa na mali nyingi kuliko soko, wakabana Kongresi, ikapita sheria ya Bland-Allison kwamba serikali lazima inunue silva ya dola milioni 2 mpaka 4 kila mwezi na kuifanya dola. Kila mwezi! Watu wenyewe hawakuzitaka, nani atembee na chuma cha gramu 26.73 mfukoni wakati noti zipo, huku magharibi kidogo zilitumika lakini mashariki watu waliona ni mzigo. Kwahiyo zikatiwa kwenye magunia ya dola elfu elfu zikalazwa kwenye hifadhi za Hazina. Mwaka 1918 ikaja sheria nyingine wakayeyusha zaidi ya milioni 270, silva ikauzwa kwa Mwingereza kwa ajili ya India, na bado zikabaki kibao, na 1921 wakazitengeneza tena kwa mwaka mmoja wa mwisho kama pesa ya kawaida.

Sasa onja utamu. Miaka ya mwanzo ya 60 watu wakashtuka kwamba ukienda na noti yako ya dola unaweza kupewa dola ya silva ya karne iliyopita, mpya haijawahi kuguswa na mkono. Ikawa foleni. Kuna ile ya 1903 iliyopigwa kiwanda cha New Orleans, wakusanyaji walikuwa wanaiota usiku kwa jinsi ilivyokuwa adimu, mwishoni mwa 1962 magunia yake yakafunguliwa, bei ikaanguka kama embe bovu, waliokuwa wamenunua moja moja kwa pesa ndefu sijui walilala vipi. Machi 1964 serikali ikafunga bomba, kuhesabu wakakuta zimebaki karibu milioni 3, nyingi zina CC, yaani zilipigwa kiwanda cha Carson City huku Nevada. Hizo wakaja kuziuza kwa wananchi miaka ya 70 kwenye viboksi vya plastiki na mpaka leo mtu akikuonesha CC ndani ya boksi lake la serikali, lazima umheshimu kidogo.

Mimi napita Carson City na lori mara kwa mara, lile jengo la kiwanda cha sarafu bado lipo, siku hizi ni makumbusho ya jimbo na mtambo wao namba 1 wa kupigia sarafu bado upo ndani. Nimeugusa kwa macho tu, ila nimeugusa.

Kwahiyo kijana wa leo anaweza kununua kitu cha miaka 140 kinang'aa kama kimetoka jana na bei isimuue. Ni sarafu gani nyingine ya zamani inakupa hivyo?

Halafu ngoja kwanza. Umesema 1893 S? Kwa dola 60?? Tutarudi hapo.

MamaPacha_Minneapolis:

Hamjambo. Wacha nipingane na ndugu yangu dereva, namheshimu sana lakini hapo amependelea Nevada yake.

Mimi nilifika nchi hii nikiwa na watoto wawili wadogo na jirani yetu, nyanya mmoja mzungu, akawaletea kila mmoja ile folda ya buluu ya kadibodi yenye matundu, kila tundu limeandikwa mwaka na herufi ya kiwanda kilichoipiga. Akawaambia tafuteni senti mjaze. Hakuwapa pesa, aliwapa kazi. Basi nyumba yangu ikageuka benki, nikienda kwa benki yenyewe narudi na roli za senti, hamsini hamsini, tunazimwaga mezani baada ya chakula cha jioni, tunachagua, zingine zinarudi. Mwaka mzima hatukutumia zaidi ya dola chache na watoto walikuwa wamejua Vita Vikuu vya Pili kwa sababu ya senti. Senti ya 1943 ni ya chuma, imepakwa zinki, inashikwa na sumaku, kwa nini? Kwa sababu shaba ilihitajika vitani. Mtoto wa miaka saba hawezi kusahau hiyo.

Na hiyo ndiyo hoja yangu. Wamarekani wengi wanaokusanya sarafu, hata huyo wa Morgan, ukimuuliza ulianza na nini atakwambia folda ya senti. Ilitoka Agosti 1909, miaka 100 tangu Lincoln azaliwe, na kabla yake sarafu zao za kila siku hazikuwa na sura ya rais yeyote. Aliyechonga, Victor David Brenner, akaweka herufi zake V.D.B. chini nyuma, magazeti yakapiga kelele ati anajitangaza, ndani ya siku chache zikaondolewa. Kwa hivyo San Francisco walikuwa wametoa 484,000 peke yake zenye hizo herufi. Hiyo 1909-S VDB, S ni ya San Francisco, ndiyo tundu ambalo kila mtoto Marekani ameliangalia likiwa tupu. Letu liko tupu mpaka leo na pacha wangu wako college.

Morgan nani alianza nayo? Utampa mtoto wa miaka saba Morgan?

bosi_kubwa:

watu wazima mnabishania senti?? sisi huku tunatafuta noti 😂😂

MamaPacha_Minneapolis:

Tafuta mwanangu, Mungu akusaidie. Ukizipata uje nikuuzie senti.

Kalamu_Nyekundu:

Nyie wawili wote mko sahihi na ndo maana hamtamaliza leo. Mnapima vitu viwili tofauti afu mnaviita jina moja.

Kama swali ni watu wangapi wamewahi kuikusanya, senti imeshinda, hapo hakuna cha kujadili. Kama swali ni pesa ya mkusanyaji mtu mzima inaenda wapi, ingia duka lolote la sarafu huku, mimi nipo New Jersey, angalia kabati la kioo, mezani Morgan, ukutani Morgan, zilizofungwa kwenye yale makava magumu ya kupimwa gredi, yaani ubora, ni Morgan. Senti zipo kwenye bakuli karibu na mlango kama pipi.

Ila mimi kinachonifurahisha ni kitu kingine. Morgan inapendwa kwa sababu ilishindwa kazi. Ilitengenezwa iwe pesa, haikuwa, ililala kwenye gunia, ndo maana leo zipo safi. Senti ni kinyume chake, inapendwa kwa sababu ilifanya kazi mpaka ikachakaa, ilipita kwa kila mtu, ilikuwa mfukoni kwa babu yake huyo mzee wa ghalani. Ndo maana mzee habishani anakula sandwichi. Yeye anaongelea maisha yake, wewe unamletea YouTube.

Afu senti sasa hivi ina upepo wake. Mnakumbuka tarehe 12 Novemba 2025 kule Philadelphia walipiga ya mwisho ya matumizi ya kawaida, maana kutengeneza senti moja kulikuwa kumefika karibu senti 4. Miaka 116 ya Lincoln kwenye senti, basi. Tangu hapo jirani zangu ambao hawakuwahi kujali wameanza kuchungulia makopo ya chenji jikoni.

Mpole_wa_Malindi_ZNZ:

Assalam aleykum wanajukwaa. Mie si mkusanyaji, nna kibakuli cha sarafu za marehemu babu tu hapa Unguja, lakini naona mnazungumza Morgan na senti na mmesahau ile dola inayotuhusu sisi.

Iko dola ya Marekani ya mwaka 1804 wanaiita mfalme wa sarafu zao. Kichekesho ni kwamba haikutengenezwa 1804 kabisa, ilitengenezwa miaka 30 baadae. Serikali yao ilimtuma mjumbe Edmund Roberts, alishafunga mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, yaani huyu huyu Sayyid Said wa Maskati na Zanzibar, na mkataba mwengine na mfalme wa Siam. Sasa ikabidi wapelekewe zawadi, wakaamua seti nzima ya sarafu za Marekani. Dola zilikuwa hazipigwi tena siku nyingi, wakatazama daftari wakaona mara ya mwisho ni 1804, basi wakachonga mpya wakaziandika mwaka huo, wala hawakujua kwamba zile za 1804 zenyewe zilikuwa zimeandikwa mwaka wa nyuma yake. Kwa hivo wameumba sarafu ambayo haikuwahi kuwepo. Roberts akaifikisha Maskati 1835, mwaka wa pili yake akafia Macau.

Ile inayoaminika ndio ya Sayyid Said iliuzwa mnadani 1999 kwa zaidi ya dola milioni 4, na 2021 ikauzwa tena milioni 7.68. Mie kila nikipita Forodhani nawaza, ile ilikuwa yetu au ya Maskati? Tungekuwa nayo tungefanyia nini, wallahi sijui. Wakati ule meli za Salem, mji wa bandari kule Marekani, zilikuwa zinatuletea kitambaa cha merikani na kuondoka na pembe na sandarusi, na mjini pesa iliyotumika ni reale ya Maria Theresa, dola yao hakuna aliyeishughulikia.

Haya endeleeni na senti zenu.

Kalamu_Nyekundu:

Sheikh hii nilikuwa siijui upande wa Zanzibar, nimesoma mara tatu. Ila kwenye swali la mleta mada haiingii, zinazojulikana hazifiki 20 dunia nzima. Hiyo watu wanaipenda kama wanavyopenda mlima Everest, hakuna anayeenda.

Jicho_la_Mchongaji:

Naona wote mnapigia kura wingi na bei, hakuna anayeangalia SURA ya sarafu. Samahani lakini yule mwanamke aliyechongwa kwenye Morgan amenuna. Alikuwa mwalimu wa Philadelphia, Anna Willess Williams, inasemekana kazi ya kukaa apigwe sura hakuitaka sana, na inaonekana.

Sasa chukua nusu dola ya Walking Liberty, 1916 mpaka 1947. Bibi Uhuru anatembea kulifuata jua linalochomoza, bendera imemfunika mabegani, mkono umeshika matawi, mguu uko hewani kidogo. Ukiizungusha kwenye mwanga wa dirisha gauni linasogea kabisa. Ni nzuri kiasi kwamba serikali yenyewe 1986 ilipoanza kuuza ile sarafu ya aunsi moja ya silva ikarudisha mchoro huo huo. Aliyechonga ni Adolph Weinman, na mwaka huo huo 1916 akatoa na daimu, ile ya senti kumi, ambayo watu wanaiita Mercury, yule mungu wa Kirumi, ingawa si Mercury, ni yule yule Bibi Uhuru kavaa kofia ya mabawa. Mtu mmoja, mwaka mmoja, sarafu mbili za namna hiyo.

Afu jambo ambalo nalipenda kuwaambia wenzangu wa diaspora. Weinman kazaliwa Ujerumani. Brenner wa senti kazaliwa Lithuania. Morgan mwenyewe, aliyechonga ile dola, Mwingereza wa Birmingham. Saint-Gaudens wa ile dhahabu ya dola 20 kazaliwa Dublin. Hela ya Mmarekani imechongwa na watu waliokuja na mabegi kama sisi.

MamaPacha_Minneapolis:

Isipokuwa Fraser, aliyechonga nikeli ya Bafalo, ile ya senti tano! Huyo ni wa hapa kwetu Minnesota, Winona. Na hiyo nikeli ingeshinda wote kama tarehe isingekuwa inafutika, waliiweka mahali palipoinuka, ikishapita mifuko kadhaa mwaka hauonekani tena. Nina chupa nzima ya bafalo wasio na umri.

Dereva_wa_Nevada:

Haya tumeongea ya kutosha. Mleta mada rudi hapa.

Nisikilize vizuri na usikasirike. 1893-S ndo Morgan ya matumizi iliyotengenezwa chache kuliko zote, 100,000 tu. Hata iliyosagika mpaka mwanamke hana nywele inauzwa maelfu ya dola. Kwahiyo mtu wa gulioni aliyekuuzia kwa 60 ni ama malaika ama mtu anayejua anachofanya. Na kusema kweli malaika sijawahi kumkuta gulioni.

Fanya hivi. Usiisugue, usiiweke kwenye ndimu, wala dawa ya meno. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na ya 1881 S safi kabisa nikaisafisha na magadi ili ing'ae zaidi, ikang'aa kama sufuria, mwenye duka akaiangalia sekunde mbili akanirudishia akaniambia bei ya silva tu. Nilinyamaza siku mbili. Sasa wewe chukua mizani ya jikoni uipime, inatakiwa isome 26 au 27. Afu lete sumaku. Silva haishikwi na sumaku. Ukimaliza angalia hiyo S kama imekaa imara au kama imebandikwa, kuna mafundi wanachukua ya kweli ya kiwanda cha Philadelphia, ambayo haina herufi, wanaibandikia S.

Chenji_ya_Jana:

Dah.

Nimepima mara tatu. Nimepima na kijiko kwanza nikidhani mizani ndo mbovu. 22. Mke wangu kasimama mlangoni anauliza napima nini saa tano usiku nikamwambia unga.

Sumaku haishiki lakini. Hiyo ina maana gani?

Dereva_wa_Nevada:

Ina maana aliyeitengeneza nae anajua habari ya sumaku. Gramu 4 na ushee haziwezi kupotea kwa kuchakaa mkuu, ingekuwa imechakaa hivyo usingeona hata kichwa. Pole sana. Itunze, kila mtu ana moja, mimi yangu ipo kwenye droo ya lori.

bosi_kubwa:

60 mkuu?? na ulisema ulimshusha bei 😭😭😭 mimi sicheki tena nakuonea huruma

Jicho_la_Mchongaji:

Pole ndugu. Ukitaka Morgan ya kweli bila presha nunua ya 1921, hizo zilipigwa zaidi ya milioni 80 mwaka mmoja, ni nzuri kuanzia. Ila nunua dukani, omba waiweke kwenye mizani mbele yako, mwenye duka mzuri hatachukia.

Chenji_ya_Jana:

Mrejesho. Nimeipeleka kazini leo. Nilitaka kumficha ila sikuweza, nikaiweka tu mezani karibu na sandwichi yake nikasema nimeuziwa.

Mzee hakuipima wala nini. Aliidondosha mezani ikalia "tak", akatoa moja yake mfukoni, kumbe siku zote anatembea nayo, ya 1921 imesagika, akaidondosha ikalia mlio mrefu kama kengele ya baiskeli. Akarudia tena zote mbili ili nisikie vizuri. Afu akaiweka ya kwake mkononi mwangu akasema hiyo alipewa na baba yake siku alipomaliza shule, haikusanyi, anatembea nayo tu.

Nikamuuliza sasa kama unatembea na Morgan mfukoni miaka yote hiyo mbona unasema senti ndo inayopendwa. Akasema hukuniuliza mimi napenda ipi, uliniuliza watu.

Zamu imeanza tena sikumjibu. Kesho anasema ataniletea folda ya buluu ya mwanae wa zamani, imejaa isipokuwa matundu manne. MamaPacha, ile 1909 ya San Francisco ni moja ya hayo manne.

MamaPacha_Minneapolis:

Nilijua 😂 Na ile senti ya 1944 uliyopewa kituo cha mafuta iko wapi? Usiniambie uliitumia.

Chenji_ya_Jana:

Ipo mama, nimeiweka kwenye kasha la pete ya ndoa. Usimwambie mtu.